Miaka mitatu bila sahihi

Februari 2020 nilikuwa nyuma ya kaunta ya famasi moja ya Scarborough, mashariki mwa Toronto, nikipanga dawa za wiki za mzee mmoja mwenye presha, kisukari na kolesteroli. Kazi yenyewe ni ya vidole. Una kadi yenye vishimo 28, vinne kwa kila siku: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Unadondosha kidonge kimoja kimoja, unafunika kwa karatasi ya gundi, unampelekea mfamasia akague na kuweka sahihi. Sahihi haikuwa yangu. Mimi nilikuwa msaidizi tu, dola 14 kwa saa, kima cha chini cha mshahara cha mkoa wa Ontario wakati ule.

Akaingia mzungu wa makamo anayekwenda kupanda Kilimanjaro, akishuka apumzike Zanzibar wiki moja. Alikuwa na cheti cha dawa ya kukinga malaria. Mfamasia wa zamu, kijana aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia, akamweleza vizuri kabisa: kidonge kimoja kila siku pamoja na chakula, anza siku moja au mbili kabla ya kufika, endelea siku saba baada ya kutoka. Yule bwana akauliza, "Nikishamaliza hizo siku saba, basi?" Kijana akajibu, basi.

Vidole vikanigoma. Sijui hata nilifikaje kwenye kaunta, ila nilijisikia nikimwambia: ukipata homa ukiwa umesharudi huku, hata ikiwa miezi imepita, usimeze Tylenol, Panadol ya huku, ukalala. Nenda hospitali, na neno la kwanza uwaambie ulikuwa Tanzania. Akashukuru, akauliza nimejuaje. Nikamwambia natokea huko. Sikuongeza neno.

Mwenye famasi, Mmisri wa miaka sitini hivi, akaniita kwenye chumba cha friji la chanjo. Hakufoka. Alisema, "Ulichomwambia ni kweli tupu. Lakini hapa huruhusiwi kumshauri mgonjwa. Siku ukikosea, leseni itakayochukuliwa ni ya yule kijana."

Nilirudi kwenye vishimo vyangu 28 nikiwa nachemka. Nimesoma Muhimbili miaka minne, nimefanya mafunzo kwa vitendo Bugando, nimekuwa mfamasia mfawidhi Mwanza na Dar es Salaam, nimetoa dawa Muscat, Oman, miaka minne. Malaria nimeiona kwa watoto wanaotetemeka migongoni mwa mama zao, na nimeugua mwenyewe nisiweze kuhesabu mara ngapi. Leo naambiwa nifunge mdomo mbele ya mtu anayekwenda kwetu! Hasira ile niliivaa wiki nzima kama koti. Kisha siku moja, ndani ya basi la Eglinton, ikanijia sura ya mzee mmoja wa Mwanza, na hasira ikageuka kitu kingine nisichokipenda hata kidogo.

Nilipoanza kazi Mwanza mwaka 2010, katika famasi moja karibu na Makoroboi, nilimkuta mzee mmoja pale kaunta. Wateja walimwita Dokta. Hakuwa na cheti chochote cha dawa. Alianza kama mbeba maboksi, na akakaa pale zaidi ya miaka 20. Bibi akiingia kutoka Magu amejifunga kitenge, mzee anamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na kabla bibi hajafungua kipochi cha hela, mzee ameshajua anaumwa nini na wiki iliyopita alikunywa nini. Mimi nilikuwa na miaka 25 na koti jeupe lenye mikunjo ya dukani. Wiki ya pili nikamsikia anamweleza mama mmoja jinsi ya kumpa mtoto dawa mseto: ampe na maziwa au chakula chenye mafuta, na akitapika ndani ya nusu saa arudie dozi. Maelezo yalikuwa sahihi kuliko yangu. Nikamwita pembeni, nikamwambia, "Mzee, wewe toa dawa. Maelezo niachie mimi."

Akanitazama kidogo, akasema, "Haya mwanangu. Wewe ndiye mwenye sahihi."

Kisheria nilikuwa sawa, kama yule Mmisri alivyokuwa sawa. Lakini sikumwita chumbani wala sikumwambia kwamba alichosema ni kweli. Nilimwambia pale pale, mama yule anasikia.

Watu wakinipigia simu kuniuliza kuhusu kuhama, wanauliza viza, mitihani, baridi. Ninachotamani waulize ni hiki: ukiondoka mahali, unaacha nini hasa? Elimu unaondoka nayo, hata forodha hawaiulizii. Kinachobaki ni watu waliokuwa wanakuamini bila kukuomba karatasi. Hilo nililijua kabla hata sijavuka mpaka, nilipohamia Dar mwaka 2012 kumfuata mume wangu. Mwanza nilikuwa napiga simu kwa wauzaji wa jumla, nasema nahitaji katoni kadhaa za dawa, zinaletwa siku hiyo hiyo mali kauli, hela mwisho wa mwezi. Nilipoingia Kariakoo na koti lile lile na sauti ile ile, muuzaji wa kwanza akaniuliza, "Dada, unalipa taslimu au unatuma kwa simu?" Ilinichukua karibu mwaka mzima hadi mtu wa Kariakoo kunipa mali kauli. Nchi ni ile ile, baraza la taaluma ni lile lile, lugha ni ile ile. Wakati ule niliona ni roho mbaya ya watu wa mjini. Sasa naona yule muuzaji alikuwa na haki zote: hanijui.

Muscat nilikwenda mwaka 2014 kwa mkataba. Mtihani wa leseni nilifanya kwenye kompyuta, vyeti vikahakikiwa, nikapangiwa famasi ya Al Khuwair. Nilidhani kitakachonibeba ni Kiingereza. Kilichonibeba ni Kiswahili, na tena kupitia kosa la saa.

Alikuwa anakuja bibi mmoja wa Kiomani, abaya nyeusi, udi unamtangulia mlangoni. Siku ya kwanza alinisikia nikiongea na mwenzangu kwenye simu, akasogea: "Kumbe wewe wa kwetu!" Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa lafudhi ya Unguja tupu. Kuanzia hapo hakutaka kuhudumiwa na mwingine. Mwezi mmoja akaja amechoka, macho mekundu. Alikuwa amepewa dawa ya kolesteroli ya kumeza usiku, na mjukuu wake alikuwa amemsomea lebo: saa nane usiku. Lebo ilisema 8 PM. Bibi, ambaye saa yake ni ya Kiswahili tangu kuzaliwa, alikuwa anaamka saa nane kweli, usiku wa manane, anawasha taa, anameza kidonge, kisha usingizi haurudi hadi adhana ya alfajiri. "Mwanangu," akaniambia, "hii dawa itaniua mie kabla ya hayo mafuta."

Tulicheka hadi mhasibu akatoka ofisini kutazama. Nikachukua kalamu nikaandika kwenye boksi kwa Kiswahili: *saa mbili usiku, baada ya isha*. Wiki iliyofuata alikuja na dada yake. Kisha shoga zake. Ndani ya miezi michache kukawa na akina mama wa Kiomani wanaovuka famasi mbili au tatu kuja kumwuliza yule mfamasia Mswahili, na kila mmoja nilikuwa namgeuzia saa.

Bibi yule ndiye aliyenifundisha kuhusu kuanza upya, ingawa hakuwa anafundisha. Alikuwa mwalimu Unguja. Baada ya mapinduzi ya 1964 familia ikatawanyika, na Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 akawaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi, nao wakaja. Kiarabu chake kilikuwa cha kuombea dua, si cha ofisini. Ndugu wa kule Oman waliwaita "Wazanzibari" kwa namna isiyokuwa sifa. Lakini nchi ilikuwa inahitaji watu waliokwenda shule, na yeye alijua Kiingereza na taipu. "Nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi," alisema, "nikakaa kwenye taipu napiga barua za watu. Nikakaa. Wakaona barua zangu hazina makosa." Hiyo "nikakaa" yake aliitamka kama mtu anayeshusha mzigo chini. Sikuielewa hadi nilipofika Toronto.

Mambo ya Muscat yaliisha kwa ubaya kidogo. Mkataba wangu haukuhuishwa, sera ya kuwapa Waomani kazi kwanza ilikuwa inabana, hilo silalamikii, nchi ni yao. Lakini nilipata nafasi famasi nyingine, na mwajiri wangu akakataa kunipa barua ya kutokuwa na pingamizi. Enzi hizo, bila barua ile ya mwajiri wa zamani, ulikuwa unaondoka na hurudi kufanya kazi kwa miaka miwili. Sharti hilo limefutwa Januari 2021, kwangu mimi lilichelewa. Mume wangu alikuwa ameshaomba ukaazi wa Kanada, karatasi zikatoka, na Aprili 2019 tukatua Toronto na mtoto wa miaka sita anayeuliza kwa nini miti yote imekufa.

Hapo sasa naomba niseme ya karatasi, kwa sababu ndipo nilipojiumiza mwenyewe. Kanada ina Bodi ya Mitihani ya Famasia, PEBC. Kabla ya mtihani wowote wanatathmini nyaraka zako, na hawataki zipite mikononi mwako: chuo kitume chenyewe moja kwa moja, na baraza la taaluma la kule ulikosajiliwa litume barua kwamba huna doa. Mimi nilikuwa na madoa mawili, yote ya uzembe. La kwanza, sikuwa nimelipa ada ya mwaka ya Baraza la Famasi tangu 2015. Nilijiambia niko Muscat, ya nini? La pili, vyeti vyangu vina jina la baba na pasi yangu ina la mume, na miaka yote hiyo sikuwahi kuandikisha hati rasmi ya kubadili jina. Mdogo wangu alizunguka Dar kwa bodaboda, malimbikizo huku, mwanasheria kule, mhuri huku, mimi nikiwa macho usiku Toronto kumfuatilia kwa WhatsApp. Miezi mitano ikaenda hivyo, kwa jambo ambalo ningelimaliza kwa asubuhi mbili nikiwa nyumbani. Ndiyo maana mtu akiniambia anafikiria kuhama, swali langu la kwanza halina ushairi: ada umelipa?

Kazi ya usaidizi niliipata kwa miguu. Nilituma maombi kwenye mtandao zaidi ya 60, nikajibiwa manne, yote ya kukataa. Mmoja aliniuliza kwa simu nina uzoefu gani wa Kanada. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilishatoa sera tangu 2013 kwamba kuufanya uzoefu wa Kanada sharti la lazima, kwa sura yake tu, ni ubaguzi. Sera iko kwenye karatasi, na swali lilikuwa kwenye simu yangu. Nikaandika wasifu wa pili, nikaipunguza miaka yangu tisa ikawa mistari mitano, nikafuta neno mfawidhi, maana kuna mwenye duka aliniambia waziwazi kwamba mtu kama mimi nitaondoka upesi. Nikaanza kuingia famasi moja baada ya nyingine saa za mchana wateja wakiwa wachache. Mmisri aliniuliza swali moja tu: unaweza kuanza Jumatatu?

Nikakaa. Nilijifunza kwamba hapa Panadol haina maana, na kwamba paracetamol yenyewe inaitwa acetaminophen. Glibenclamide niliyoitoa maelfu ya mara inaitwa glyburide. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya rafu nikiitafuta kama mgeni, ilhali ilikuwa usawa wa pua yangu. Niliandika majina mapya kwenye daftari la mtoto, upande mmoja jina la nyumbani, upande wa pili la huku. Baada ya tukio la yule mpanda Kilimanjaro sikumsemesha mteja tena kuhusu dawa. Ila nilianza kumwandikia kijana wa zamu vikaratasi: mgonjwa huyu anachukua dawa mbili zinazogombana, huyu anarudi mapema kuliko dozi yake inavyoisha, muulize. Navibandika kwenye kapu, yeye anaamua. Miezi ikapita. Mmisri alikuwa anaviona, hasemi kitu.

Korona ikaingia, tarehe za mitihani zikasogezwa, akiba ya Muscat ikaisha kwa ada. Mtihani wa tathmini nilipita. Wa kuandika nilipita. Wa vitendo nikafeli, na namna nilivyofeli inafaa kusimuliwa.

Ni mtihani wa vituo. Unaingia chumbani unamkuta mwigizaji anayejifanya mgonjwa, mtahini anatazama kimya, una dakika chache. Mimi niliingia kama ninavyoingia kaunta ya Mwanza. Kule mgonjwa anataka uhakika: unaandika 2×3 kwenye bahasha, unasema meza viwili mara tatu, usiache hata ukipata nafuu, amekwenda. Nikammwagia yule mwigizaji kila kitu kuhusu dawa yake, kwa ufasaha, bila kupumua. Nilitoka najiona nimeua. Matokeo yalipokuja, upande wa dawa nilikuwa vizuri, upande wa kuwasiliana na mgonjwa nilikuwa chini.

Nilimwonyesha Mmisri karatasi. Akasoma, akacheka puani. Jioni ile baada ya kufunga akavuta kiti cha wateja, akakaa, akasema, "Mimi ni mgonjwa. Anza." Nikaanza kumweleza. Akanyanyua mkono. "Hujaniuliza daktari ameniambia nini." Nikamwambia kwetu ukimuuliza mgonjwa daktari amekwambia nini, anakuona hujui kazi, atakujibu, si wewe ndiye unayejua? Akasema hata Cairo ni hivyo hivyo, na yeye mwenyewe alifeli hapo hapo, mara mbili. Tukafanya hivyo jioni nyingi. Alikuwa mgonjwa mkorofi kuliko waigizaji wote: mara mlevi, mara mama anayeficha mimba, mara mzee anayejifanya hasikii. Hakunidai hata senti. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua. Akafungua droo akatoa vikaratasi vyangu vya kapuni, rundo zima, amevifunga kwa mpira.

Mara ya pili nilipita. Ukabaki mtihani wa sheria za mkoa na kipindi cha kutathminiwa kazini, na yeye akatoa neno lake kwa waliomuuliza. Leseni ilitoka 2022. Siku ya kwanza niliweka sahihi kwenye antibayotiki ya mtoto mwenye maumivu ya sikio, mama yake akachukua, akaondoka bila kuniangalia usoni, maana alikuwa amepaki gari vibaya.

Mwaka uliofuata nilikwenda nyumbani. Nilipofika Mwanza nilipita Makoroboi. Famasi yetu haipo, wanauza maganda ya simu. Nilimuulizia yule mzee, nikaelekezwa Mabatini, kwenye duka la mpwa wake la vyakula. Nilimkuta kwenye benchi nje, miwani imefungwa kwa uzi, kizee hasa. Alinitambua kabla sijasalimia. Nilimuuliza ilikuwaje baada ya mimi kuondoka. Alisema serikali ilipoleta maduka ya dawa muhimu alitaka kusomea utoaji dawa, ila walitaka mwenye cheti cha mafunzo ya afya, yeye hakuwa nacho, basi. Alisema hivyo kama anayesimulia mechi ya zamani ya Pamba.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi. Badala yake nikajikuta namsimulia ya Scarborough: vishimo 28, mzungu wa Kilimanjaro, chumba cha friji, na jinsi nilivyonyamazishwa. Akacheka hadi akakohoa, mpwa wake akamletea maji. Alipotulia, akafuta miwani kwa ncha ya shati, akaniuliza:

"Sasa yule mzungu aliporudi, alipata homa?"

Nikasema sijui. Korona ilifuata, hata sijui kama alisafiri.

"Hukumfuatilia?"

"Sikumfuatilia, mzee."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akanisogezea benchi nikae.